Mafuta yakipanda mzigo unamwangukia nani

Kamwene! Wazee wangu shikamooni, wenzangu wa vikoba habari za saa hizi. Mwenyekiti aliniomba niongee kuhusu hili la mafuta kupanda bei, mi nikakataa kwanza, nikamwambia sina gari, hata pikipiki sina, nauza nyanya tu. Akanijibu ndo maana nakuita wewe.

Na kweli. Bei ikipanda wote tunaangalia sheli, tunamuonea huruma mwenye gari, kumbe mwenye gari ana pa kuusukumia ule mzigo. Anamsukumia mwenye duka, mwenye duka anamsukumia mteja, unakwenda hivo hivo mpaka unafika kwa mtu ambaye hana wa kumsukumia. Huyo ndo nataka tumuongelee leo.

Nianze na nyanya maana ndo nazijua. Mwaka 2022 vita ya Urusi na Ukraine ilianza Februari, Agosti petroli Dar ikafika shilingi 3,410 kwa lita, na hapo serikali ilishaanza kutoa ruzuku tangu Juni. Huku kwetu inakuwa juu zaidi kwa sababu mafuta yenyewe yanaletwa na malori kutoka bandarini. Sa mi nilikuwa nachukua matenga ya nyanya Ilula, hapa hapa Iringa, napeleka Dar, mwenye lori la Fuso akapandisha hela ya kubeba tenga, sikumlaumu, dizeli ananunua na yeye. Nafika sokoni nataka nipandishe bei, dalali ananiambia mama, nyanya haingoji, na ni kweli, ukiilaza siku mbili kwenye joto lile inaanza kutoa maji chini ya tenga. Nikauza bei ileile ya zamani. Safari iliyofuata nikafanya kitu ambacho mpaka leo kinaniuma, nikamshusha bei mkulima. Ni baba mtu mzima, anamwagilia kwa pampu ya petroli, yaani mafuta yalimpiga mara mbili, kwenye pampu yake na kwenye lori nililokodi mimi. Akanyamaza, akainama akageuza geuza zile nyanya za juu, akasema chukua tu mwanangu, zitaoza. Msimu uliofuata nikakuta amelima nusu shamba, nusu nyingine majani.

Kwa hiyo ukiona fungu la nyanya sokoni limetoka tano likawa nne kwa hela ileile, ujue kuna shamba mahali limebaki majani.

Sasa njooni kwenye daladala. EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, wanatangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, lakini nauli inapangwa na LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, na inaweza kukaa palepale mwaka mzima na zaidi, ile ya kilomita 10 ilikuwa 400 ikaja 500 mwaka 2022 alafu Desemba 2023 ikawa 600. Hapo katikati dereva anafanyaje, wakati bosi jioni anataka hesabu yake kamili? Anakatisha ruti, mnashushwa njiani mnalipa tena gari lingine. Au konda anaacha wanafunzi, maana wanalipa mia mbili wakati siti ni ileile. Nilimkuta mtoto kituoni, sweta limelowa umande, magari matatu yamempita, kila mlango anaambiwa subiri linalokuja. Nikamshika mkono nimvushe barabara, ile sarafu ya mia mbili ameikamata mpaka imemwachia alama kwenye kiganja. Huyo mtoto hajui Ukraine iko wapi.

Vijana wa bodaboda ni hivo hivo. Hesabu ya bosi haishuki hata mafuta yakipanda, kwa hiyo anaongeza masaa, anabeba mishikaki, yaani abiria wawili watatu kwa mpigo, anaendesha usiku macho mekundu, alafu tukisikia ajali tunasema vijana hawana adabu barabarani. Mi nasema tuulize kwanza alianza kazi saa ngapi.

Mkaa nao unakuja na lori, huo sihitaji kuwaeleza, mnanunua kila siku.

Bei ya dunia hatuiwezi, mafuta tunanunua nje kwa dola. Tozo nazo, mwaka 2021 bajeti iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara, wengi walilalamika, na mimi iliniuma, ila barabara za vijijini tunazihitaji sisi tunaotoa mazao kuliko mtu mwingine yeyote, kwa hiyo siwezi kusimama hapa niseme ifutwe. Dar bajaji nyingi sa hivi zinatembelea gesi asilia na wenyewe wanasema inawapa nafuu, ikisambaa mpaka kwenye malori na sisi tutapumua, lakini nyanya ya kesho itapanda Fuso la dizeli.

Ninachoomba kwa chama ni vitu viwili. Tuache kukodi kila mtu Kirikuu yake, kile kigari kidogo cha mizigo, inaondoka nusu tupu, tujaze Fuso moja, na kile kitakachopungua kwenye usafiri tukubaliane hapa hapa kwamba kinaenda kwenye bei ya mkulima, kisiishie mifukoni mwetu. Na hawa watoto, tuongee na madereva wa ruti yetu, kila gari la asubuhi lichukue wanafunzi kadhaa bila kubishana. Hili halihitaji kikao kingine. Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri mi ntakuwa pale kituoni, anayeweza anikute.