Marian Anderson na Jukwaa Lililochelewa

(Mhadhara uliotolewa Moshi mjini mbele ya walimu wa kwaya na wanakwaya)

Wazee wangu, shikamooni. Walimu na wanakwaya, Bwana Yesu asifiwe. Naona Marangu wamejaa mbele na Machame wamejibana nyuma kama kawaida yao. Karibuni wote.

Nimeombwa nizungumzie waimbaji wa opera, yaani igizo linaloimbwa pamoja na okestra. Nimechagua mmoja tu, Marian Anderson, kwa sababu alitokea kwaya ya kanisa kama ninyi. Alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1897, na akiwa na miaka sita alishaingia kwaya ya watoto ya kanisa lao la Kibaptisti. Sauti yake ilikuwa alto, lakini mtu wa soprano asipofika, anaimba yeye. Mtu wa teno akikosekana, anaziba pengo. Hata besi aliishika, ila oktavu moja juu. Mnawajua watu wa aina hii. Kila kwaya inaye mmoja, na sisi walimu tunamtumia mpaka koo linakwisha.

Baba alifariki Marian akiwa bado mtoto, mama akabaki na mabinti watatu. Shule ya muziki aliyokwenda kuomba nafasi ilimkataa kwa rangi yake. Waumini wakamchangia ada ya mwalimu wa sauti.

Sasa, ada hiyo ilinunua nini? Opera haina maiki. Mwimbaji anasimama mbele ya okestra nzima, naye asikike hadi kiti cha mwisho. Hilo halifanyiki kwa kupiga kelele. Sauti iliyofunzwa hukusanya nguvu kwenye mitetemo inayokaribia 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra yenyewe imeshapungua nguvu, kwa hiyo inapenya. Kufika hapo ni miaka ya mazoezi ya pumzi. Pia kuna lugha: Anderson alikwenda mpaka Berlin kujifunza Kijerumani kwa ajili ya nyimbo za watunzi kama kina Schubert.

Ulaya ilimpokea. Huko Salzburg, Austria, mwaka 1935, Toscanini, mwongoza okestra aliyeogopwa kuliko wote, alisema sauti kama ile husikika mara moja katika miaka mia. Akarudi kwao, na mwaka 1939 akanyimwa ukumbi mkubwa wa Washington kwa sababu ni mweusi. Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, akajitoa kwenye chama cha akina mama wenye ukumbi huo. Jumapili ya Pasaka, tarehe 9 Aprili, Anderson akaimba nje, kwenye ngazi za jengo la kumbukumbu ya Rais Lincoln, mbele ya watu wapatao 75,000.

Siku hiyo ndiyo inayosimuliwa kila mahali, na ni haki. Lakini mimi inanikera kidogo, maana inafunika hasara. Aliimba pale kwa maiki, amevaa koti la baridi. Ilikuwa tamasha, si opera. Jukwaa la opera la Metropolitan, New York, lilimfungulia mlango tarehe 7 Januari 1955, akiwa na miaka 57! Walimpa Ulrica, mwanamke mpiga ramli katika opera ya mtunzi Verdi, mwenye onyesho moja tu. Pazia lilipofunguka watu walimshangilia kabla hajatoa hata nota moja, na mwenyewe alieleza baadaye kwamba alitetemeka, mwili ukamkaza.

Alikuwa mwimbaji mweusi wa kwanza kupewa uhusika pale. Hazikupita wiki tatu akafuata Robert McFerrin, baba yake yule Bobby McFerrin mnayemjua, mwimbaji wa "Don't Worry, Be Happy". Kumbe ilikuwa inawezekana siku zote.

Tutasikiliza rekodi ya sehemu hiyo ya Ulrica, ya mwaka huohuo wa 1955. Alto, sikilizeni anavyoshuka kwenye nota za chini bila kukandamiza koo. Juu mtasikia sauti ikiyumba kidogo. Hiyo ndiyo ile miaka 57. Fundi, tuwekee.