Pai ya Nanasi na Machungwa ya Muheza kwa Jiko la Mkaa

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Leo tuko uani hapa Ngamiani, Tanga, na huo mvumo mnaousikia kwenye maikrofoni ni kusi. Watu wa bara hutucheka tukisema kipupwe kina baridi. Sawa, cheka, lakini siagi inajua. Januari kaskazi ikivuma, siagi inayeyuka kiganjani kabla hujaifikisha kwenye bakuli. Sasa hivi unaikata vipande na vinabaki vipande. Ganda la pai linataka hilo hasa, kwa hiyo mwenye hamu ya pai miezi yake ndiyo hii, Juni mpaka Agosti. Na ndiyo miezi machungwa yamejaa soko la Mgandini.

Tuanze na unga. Gramu 200 za unga wa ngano, huuhuu wa chapati. Huna mzani? Kikombe kimoja na nusu, ongeza kijiko kikubwa kimoja. Siagi gramu 100, ni kama vijiko vikubwa 7. Sukari vijiko vikubwa 2, chumvi kidogo ya kubana kwa vidole, na kiini cha yai moja. Chekecha unga na chumvi kwenye bakuli pana, tia sukari na siagi, kisha fikicha kwa ncha za vidole. Ncha, jamani, si viganja. Kiganja kina moto hata wakati wa kipupwe. Angalia mkono wangu: nainua unga, napitisha gumba juu ya vidole, nauacha udondoke. Ukishakuwa kama chenga za mchele, basi. Vikibaki vidonge vidogo vya siagi viache, hivyo ndivyo vinavyofanya ganda limeguke vizuri mdomoni.

Tia kiini, halafu maji baridi kijiko kimoja kimoja. Mara nyingi viwili vinatosha. Na usikande! Hapa ndipo mikono iliyozoea chapati inapojisahau. Unga ukikandwa unavutika, na unga unaovutika husinyaa motoni na kuwa mgumu. Ukusanye tu ushikane, ubonyeze uwe bapa, ufunike, uweke kwenye friji nusu saa. Asiye na friji aweke bakuli ndani ya beseni la maji ya mtungi, kivulini, penye upepo.

Unga ukipumzika, sisi tunashika viungo. Iliki hulimwa hapo juu tu, milima ya Usambara upande wa Amani, kwa hiyo mtu wa Tanga kununua iliki ya unga ya pakiti mimi sielewi kabisa. Nunua ya maganda, kisha pasua moja hapohapo dukani. Sogeza kamera. Mnaziona punje? Nyeusi, na zinanatana kidogo. Hiyo mpya. Zikiwa za kahawia, kavu, kila moja inakimbilia upande wake, imekaa dukani mno, mrudishie mwenyewe. Toa punje za iliki 6, zitie kinuni pamoja na karafuu 3 na kijiko cha sukari. Sukari inazikwaruza, zinasagika upesi. Ndugu zangu wa Pemba najua mtaguna, karafuu 3 tu? Ndiyo, 3. Ikizidi inatia ganzi ulimi, na nanasi hulisikii tena.

Machungwa tunataka 2. Haya ni ya Muheza, na mgeni akiyaona kijani namna hii atasema mabichi. Ganda la chungwa hugeuka rangi likipigwa na baridi ya usiku, na baridi hiyo kwetu haifiki hata Julai. Ndani limeiva. Usichague kwa rangi, chagua kwa uzito: zito ndilo lenye maji. Kwangua ganda la moja kwa matundu madogo ya kikwaruzio cha karoti, juu juu tu. Ukifika kwenye weupe, ni uchungu. Kisha kamua yote mawili.

Nanasi moja la wastani, limenywe, moyo wake utupwe, likatwe vipande vidogo sana. Tia sufuriani na sukari vijiko vikubwa 4, au 3 kama nanasi ni tamu, na kijiti cha mdalasini. Usifunike. Tunataka maji yapungue, maana nanasi lenye maji litalowesha ganda na utatoa uji badala ya pai. Dakika 15 hadi 20. Koroga kijiko kikubwa kimoja cha unga wa kastadi kwenye maji ya machungwa, mimina, tia viungo vya kinuni na ganda la chungwa, endelea kukoroga dakika 2. Pitisha mwiko chini ya sufuria: njia ikibaki wazi kidogo kabla ya kujifunga, epua. Toa mdalasini. Liache lipoe kabisa.

Sasa moto. Jiko likae ukutani, upande usiopigwa na kusi, la sivyo upepo utakumalizia mkaa. Na kwa baridi hii msiingize jiko la mkaa chumbani mkafunga madirisha. Hewa yake haina harufu na inaua.

Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu wa mto kama sentimita 2, funika, ipate moto dakika 15. Sukuma unga kwenye kibao cha chapati, utandike kwenye bati la sentimita 22 lililopakwa siagi, toboatoboa kwa uma. Weka karatasi juu yake na ujaze maharage makavu, yanazuia ganda lisivimbe. Bati juu ya mchanga, funika, kisha palia makaa juu ya mfuniko. Keki hutaka moto mdogo chini na mwingi juu. Pai kwa mwanzo huu ipe moto sawasawa chini na juu, kitako kiive. Dakika 15, ondoa maharage na karatasi, rudisha dakika 8.

Tandaza nanasi, punguza makaa ya chini, oka dakika 20 hadi 25, pembeni pawe rangi ya dhahabu. Usifunuefunue, harufu ya iliki itakuita yenyewe. Wenye oveni: nyuzi 190 kwa ganda tupu, 180 ukishatia nanasi, dakika zilezile.

Ipumzike saa moja nzima ndipo ukate, kastadi ishike. Mimi nailia kahawa chungu, watoto chai ya maziwa. Ikibaki, ifunike ikishapoa tu. Na yale maharage msiyatie chunguni, hayalainiki tena; yahifadhini kwenye kopo kwa pai ijayo.