Kipindi: Tony Williams na zile dramu za manjano

ZUHURA: Karibu tena, msikilizaji. Leo kaka Baraka kaja na ugomvi wake wa zamani, na nimeshamwambia hatoki hapa mpaka tuumalize.

BARAKA: Si ugomvi, dada. Nasema tu mpiga dramu wa jazi Tony Williams, yule wa enzi za seti ndogo, ndiye wangu. Huyo wa baadaye, wa dramu kubwa za manjano, baki naye.

ZUHURA: Wa seti ndogo ni yupi? Wapo wasiomjua.

BARAKA: Kijana aliyekulia Boston. Mwaka 1963 mpiga tarumbeta Miles Davis anamchukua kwenye bendi yake, ana miaka 17 tu. Anapiga dramu za kampuni ya Gretsch: besi, ile dramu ya kupigwa kwa mguu, ya inchi 18, tomu moja, yaani dramu ya sauti nene, ya 12 kwa mbele, nyingine ya 14 imesimama sakafuni, na snea, ile dramu ya sauti kali yenye waya chini. Basi. Ile besi imekazwa ngozi, ukiikanyaga inatoa noti kabisa, kama tomu ya tatu.

ZUHURA: Ndiyo maana hausikii kishindo, unasikia mtu anajibu. Lakini sikio langu mimi huanzia kwenye toazi.

BARAKA: Ah, hapo umenigusa! Toazi la K Zildjian, inchi 22, la kutoka Uturuki. Ukiligonga, kwanza unasikia ncha ya kijiti, “ti”, kavu kabisa. Halafu nyuma yake kuna kama moshi. Sikiliza albamu ya Miles, Four & More, lile onyesho la New York la Februari 1964. Muziki unakwenda mbio za kutisha, na hakuna hata “ti” moja inayozama kwenye mvumo wa mwenzake.

ZUHURA: Ana miaka 18 hapo. Kumi na minane, jamani! Na mguu wa kushoto je? Wapiga dramu wengi wa jazi hufunga hai-hati, yale matoazi mawili ya kukanyagwa, kwenye pigo la pili na la nne. Yeye kuna nyakati anaifunga mapigo yote manne, “chi-chi-chi-chi”. Mimi nilijaribu kwa mwendo huohuo wa mbio. Dakika mbili, muundi ukawaka moto.

BARAKA: Nilikuwepo. Uliomba maji.

ZUHURA: Niliomba kiti chenye mgongo! Haya, sasa za manjano. Unazichukia nini?

BARAKA: Ukubwa. Besi inchi 24, tomu mbili juu, tatu sakafuni. Na zile ngozi zenye doa jeusi katikati, zinaua mwangwi. Namsikia mtu aliyekuwa ananong'ona, sasa anahutubia.

ZUHURA: Lakini kaka, mwaka 1969 alianzisha bendi ya Lifetime, kuna gitaa la John McLaughlin na ogani ya Larry Young, vyote vya umeme, vyote vinanguruma. Kabesi kako ka inchi 18 kangesikika wapi?

BARAKA: Hapo sibishi. Mimi nashangaa miaka ya 80. Karudi kwenye jazi ya tarumbeta, saksafoni, piano na besi ya mbao, mbona hakuziacha nyumbani?

ZUHURA: Kwa sababu alikuwa ameshaizoea ile sauti ya chini, akaipenda. Msikilize anapoteremka kutoka tomu ndogo hadi ile ya inchi 18, mkono mmoja pigo moja, mwingine pigo moja, hakuna linalomezwa. Ni kama mtu anashuka ngazi na kila kipandio kina jina lake. Halafu nyamaza umsikilize anapopiga taratibu. Kwenye dramu zilezile! Kijiti kinagusa tu.

BARAKA: ...Kwenye tomu nakupa. Kweli, zinaimba.

ZUHURA: Andikeni tarehe.

BARAKA: Kwenye besi sikupi! Besi ile ni mlango unafungwa kwa upepo. Na ukitaka kujua kwa nini sikupi, twende 1967, “Nefertiti” ya bendi ya Miles. Tarumbeta na saksafoni zinarudia wimbo uleule, zamu baada ya zamu, hakuna anayechukua solo. Anayebadilika ni dramu. Anaanza na toazi tu, snea inadokeza, kisha kidogo kidogo anachemka mpaka wimbo wenyewe unakuwa kama ukuta na yeye ndiye anayeupaka rangi. Na kile kibesi kinachomeka neno moja moja, pasipotarajiwa.

ZUHURA: Kwenye dakika ngapi?

BARAKA: Usitafute dakika. Zima taa, iweke tangu mwanzo.

ZUHURA: Haya, naiweka. Ila baada ya hapa nachagua mimi, na ni za manjano.