By, on au in? Tupande chombo kwa Kiingereza sahihi

Habari zenu, ndugu zangu. Hapa nilipo ni kivukoni, Mtwara mjini, na ng'ambo ile ni Msangamkuu. Shika daftari na kalamu.

Tunajichanganya kwa sababu Kiswahili chetu kinatosheka na neno moja: kwenye basi, kwenye bajaji, kwenye pikipiki. Kiingereza kinagawa. Mimi sifundishi hili kwa orodha ya kukariri. Mtoto atakariri vyombo ishirini, akikutana na cha ishirini na moja anakwama. Tutazame mwili wa abiria.

Hatua ya kwanza, jiulize: nataja aina ya usafiri tu? Umeulizwa umefikaje Lindi, jibu "by bus". Jina la chombo libaki peke yake, bila "a", bila "the", bila "my". Ukitaka kusema gari lako, "by" inaondoka: "I came in my car." Na miguu ina yake. "By legs" nimeisahihisha kwenye madaftari mengi sana. Andika "on foot".

Hatua ya pili, chombo chenyewe. Kivuko kinafika, tazameni. Mama yule mwenye ndoo kichwani ametoka nayo kule nyuma hadi mlangoni, wima, bila kuinama. Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake ni "on": on the ferry, on the bus, on the plane.

Sasa geuza macho kwenye bajaji ile. Abiria anainama, anatanguliza kichwa, anajibana, anakaa. Pa kusimama hana. Hiyo ni "in": in a bajaji, in a car, in a taxi. Na mvuvi aliyekaa ndani ya mtumbwi pale, "in a canoe".

Mtaniuliza: mwalimu, Hiace za Mikindani nazo tunainama! Kweli, na swali hilo nalipenda. Ila Hiace inabeba abiria wa nauli kwenye njia yake, kwa hiyo inahesabiwa pamoja na mabasi: "on the daladala".

Bodaboda, baiskeli, hata punda: unakaa juu, mguu huku na mguu huku. "On".

Hatua ya tatu, kupanda na kushuka. Penye "on" ni "get on" na "get off". Penye "in" ni "get in" na "get out of", na hiyo "of" msiidondoshe, maana "get out the car" kwenye mtihani itawakosesha alama.

Simamisha video hapa, utafsiri: "Nilivuka kwa kivuko, nikashuka, nikaingia kwenye bajaji."

Umeandika? Linganisha na yangu: "I crossed by ferry, got off, and got in a bajaji."