Uanze Kuprogramu kwa Lugha Gani, na Uweke Nini Kwenye Kompyuta Yako

Habari yako mtazamaji, karibu sana. Leo niko hapa Arusha, na nataka video hii ikiisha uwe umeshachagua lugha yako ya kwanza na umeandika programu inayofanya kazi. Kama una laptopu, iwashe sasa hivi. Kama una simu tu, usiondoke, nawe una sehemu yako.

Chukua karatasi, uandike kitu unachotaka kutengeneza. Usiandike jina la lugha. Vijana wengi huniuliza, "Kaka, lugha gani inalipa?" kabla hawajajua wanataka kujenga nini, ndiyo maana wiki hii wako huku, wiki ijayo wamehamia kule, na hakuna walichomaliza. Inaniuma, kwa sababu uwezo wanao.

Umeandika tovuti? Labda ya kampuni ya kupeleka wageni Serengeti, maana hapa mjini zimejaa. Anza na HTML, inayopanga maandishi na picha kwenye ukurasa, na CSS, inayoupamba, kisha JavaScript, inayoufanya uitikie anayeutumia. Kivinjari chako kinaielewa JavaScript tayari: fungua Chrome, bonyeza F12, nenda palipoandikwa Console, andika 7 * 6, bonyeza Enter. Umeona jibu?

Umeandika programu ya simu za Android? Lugha yake ni Kotlin, ila Android Studio, programu ya kuitengenezea, inataka ram (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 kwenda juu. Laptopu ya mtumba yenye GB 4 itaganda mpaka ukate tamaa. Hiyo iache kwanza.

Na kama bado hujajua, au unataka mambo ya hesabu na takwimu, chukua Python. Ilitolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, ni ya bure, na mistari yake michache tu inakupa kitu cha kuonekana.

Sasa tuiweke. Ingia thonny.org, chagua toleo la kompyuta yako, pakua. Thonny ni mahali pa kuandikia, na Python yenyewe imo humo humo, kwa hiyo bando lako linatumika mara moja tu. Baada ya hapo unafanya kazi bila intaneti. Wengine watakwambia uweke VS Code, mahali pengine pa kuandikia. Ni nzuri, ila ina vitufe vingi ambavyo leo huvihitaji. Mwenye simu ya Android, ingia Play Store utafute Pydroid 3, halafu ufuate kama wenzako.

Fungua Thonny. Tuseme unanunua mikungu mitatu ya ndizi soko la Tengeru. Andika hivi, herufi kwa herufi:

bei = input("Bei ya mkungu? ")
print(bei * 3)

Hifadhi kwa jina ndizi.py, kisha bonyeza F5 (kwenye simu, bonyeza kitufe cha kuendesha). Hapo chini unaulizwa bei. Andika 12000, Enter.

Tazama jibu: 120001200012000. Hesabu yetu ilitakiwa itoe 36000! Kompyuta haijaharibika. Chochote kinachoingia kupitia input, Python inakipokea kama maandishi, na maandishi ukiyazidisha kwa tatu yanarudiwa mara tatu. Lazima uiambie kwamba hii ni namba. Rekebisha mstari wa kwanza:

bei = int(input("Bei ya mkungu? "))

Angalia mabano ya mwisho, yako mawili. Wengi hukwama hapo. F5 tena, 12000. Sasa tumepata 36000.

Hebu endesha tena, safari hii andika 12,000 na mkato wake. Yametoka maandishi mekundu. Usiyafunge kwa woga. Anza kusoma mstari wa mwisho: ValueError, yaani thamani uliyoiingiza haigeuziki kuwa namba. Juu yake umetajiwa mstari wenye shida, line 1. Ukizoea kuyasoma hivi tangu leo, hutahitaji kumsubiri mtu aje akukwamue.

Kazi ya nyumbani: ongeza swali la idadi ya mikungu badala ya ile 3, kisha swali la gharama ya kirikuu cha kukubebea mzigo mpaka soko la Kilombero hapa Arusha. Mwishoni programu itoe jumla ya fedha unazotakiwa kuwa nazo mfukoni. Kwenye video ijayo tutaifundisha ikatae bei iliyo chini ya sifuri.