Dakika Moja Ndani ya Kopo

Shikamooni wazee wangu. Wadogo zangu, habari za asubuhi.

Hili nililoshika mnalijua, kopo la maziwa ya unga. Mama mwenye genge mtaani kwetu Mikocheni alinipa bure, akidhani nakwenda kuotesha mche wa pilipili. Ndani nimelipaka rangi nyeusi isiyong'aa, ubavuni nimetoboa tundu. Kamera ndiyo hiyo, imekwisha.

Na msidhani ni ujanja wa jana. Aliyelala kwenye nyumba yenye bati bovu amewahi kuona duara la mwanga likitambaa sakafuni. Lile ni jua lenyewe, picha yake. Waliokuwa hapa tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa, kama waliangalia chini ya mwembe waliona hilali tele mchangani, maana kila upenyo baina ya majani ulikuwa tundu. Ibn al-Haytham, mwanazuoni wa kale wa elimu ya mwanga, aliliandikia jambo hilohilo, yapata miaka 1,000 iliyopita.

Sasa tundu, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Tundu la kupitisha picha usilitoboe kwenye kopo lenyewe kwa msumari. Kata kipande cha kopo la soda, bati lake ni jembamba. Kizungushie ncha ya sindano taratibu, geuza, piga msasa ule uvimbe, rudia mpaka mwanga upenye. Kopo la upana wa sentimita 10 linataka tundu la milimita 0.4 hivi. Likizidi, picha inakuwa na ukungu. Likipungua mno, vilevile, kwa sababu mwanga ukibanwa sana hutawanyika. Kisha kibandike kwa tepu nyeusi ya umeme juu ya tundu kubwa ulilokata kwenye kopo.

Ndani tunaweka karatasi ya picha, chini ya taa nyekundu. Karatasi hii ni nzito kushika mwanga: kwenye jua kali hesabu sekunde 40, pengine dakika nzima. Na haioni rangi nyekundu kabisa. Kanga nyekundu kwenye nakala inatoka nyeusi kama ya msibani, mwenye kanga asikununie.

Dakika moja ni ndefu, jamani. Niliweka kopo juu ya ukuta pale soko la samaki Feri, saa tatu asubuhi, mnada umepamba moto, watu wanakanyagana. Nilipoisafisha picha, soko tupu! Meza zipo, ndoo zipo, mashua zimekuwa moshi kwa kuyumbishwa na maji. Wachuuzi, wapaa samaki, wabeba matenga, hakuna hata mmoja, kwa kuwa hakuna aliyetulia mahali pamoja. Amebaki mzee mmoja aliyekalia ndoo akisubiri chombo chake kirudi. Nikampelekea nakala. Akaitazama, akaniuliza, "Wenzangu umewapeleka wapi?"

Toka siku hiyo sitafuti tena penye shughuli. Natafuta anayesubiri.

Kutoa nakala: nega, yaani ile picha ya koponi ambayo cheupe kimetoka cheusi na cheusi cheupe, unailaza na karatasi mpya, uso kwa uso, kioo juu, mwanga kidogo, halafu dawa. Mimi napenda zaidi ile ya bluu aliyoigundua mwanasayansi Mwingereza John Herschel mwaka 1842, ya chumvi za chuma, kwa kuwa jua lenyewe ndilo linalochapa. Nega naipeleka steshenari, pale wanapotoa kopi, wananitolea kwenye plastiki angavu. Dakika kama 10 juani, kisha unaosha kwa maji. Ila maji ya visima vyetu yana magadi, yanakula bluu. Kamulia ndimu kwenye beseni. Na sabuni ya unga iwe mbali. Mpwa wangu aliifulia moja akinisaidia, ikabaki manjano kama kanzu ya zamani. Sikumgombeza, ila nusura.

Haya, makopo yapo kule nyuma, yamekwisha kuwekwa karatasi. Asifunue mtu tepu inayoziba tundu humu ndani. Saa nne hii jua bado liko upande, vivuli ni virefu kidogo. Likifika utosini kila kitu kitakuwa cheupe na cheusi tu. Twendeni nje.