Bei ya Kiwanja Ndiyo Inayoamua Nani Aishi Mjini

Ndugu wasikilizaji, miji kama London, New York na Tokyo huitwa miji ya dunia kwa sababu maamuzi ya fedha yanayogusa nchi nyingi hufanyika humo. Benki, makampuni ya bima na ya mawakili hujazana mahali pamoja, na watumishi wao hulipwa vizuri. Ofisi hizo hizo haziendi bila wafagizi, walinzi na wapishi. Makundi haya mawili hufanya kazi katika jengo moja, kisha hugombea nyumba katika soko moja. Mwenye mshahara mdogo husukumwa pembezoni, na nauli hula kile alichookoa kwenye kodi ya pango.

Nyumba zikiwa ghali, wengi hulaumu bei ya saruji na nondo. Tuanze na ardhi.

Tuseme mjenzi anatarajia kuuza nyumba za mradi wake kwa milioni 100. Ujenzi utakula 60. Faida anayoitaka ni asilimia 20 ya mauzo, yaani 20. Kinachobaki, milioni 20, ndicho anachoweza kumlipa mwenye kiwanja. Sasa mji ukiagiza theluthi ya nyumba ziwe za bei nafuu, na mauzo yakashuka hadi 85, faida inakuwa 17, ujenzi uko pale pale, na kiwanja kinapata 8. Kiwango cha faida hakijaguswa. Aliyepungukiwa zaidi ni mwenye ardhi, na mara nyingi thamani ya ardhi hiyo ilipandishwa na reli na barabara zilizojengwa kwa fedha za umma.

Mambo huharibika pale sharti hilo la nyumba za bei nafuu linapokuwa la kujadiliana. Mjenzi hukinunua kiwanja kwa 20 akitumaini atasamehewa, halafu anarudi na hesabu zinazoonyesha kwamba nyumba za bei nafuu zitamtia hasara. Hasara hiyo ameinunua mwenyewe, lakini mji ukikubali, anayelipa ni mpangaji. Mwaka 2017 Meya wa London, Sadiq Khan, aliweka kizingiti: aliyefanya asilimia 35 ya nyumba zake ziwe za bei nafuu bila ruzuku alirahisishiwa njia ya kibali, aliyetoa pungufu hesabu zake zilikaguliwa kwa kina. Hiyo ilikuwa hatua nzuri, ila bado iliacha mlango wa kujadiliana wazi.

Vienna, mji mkuu wa Austria, imeufunga mlango huo zaidi. Tangu 2019, eneo linapobadilishiwa matumizi ili lijengwe makazi mengi, kwa kawaida theluthi mbili ya nafasi ya makazi lazima iwe ya nyumba zenye ruzuku, na bei ya ardhi ya sehemu hiyo ina ukomo. Muuzaji anajua mapema, kwa hiyo hapandishi. Mji huo una mizizi mirefu: kati ya vita vikuu viwili ulitoza kodi maalumu ya nyumba, wenye majumba ya kifahari wakilipa zaidi, ukajenga nyumba zaidi ya 60,000. Leo karibu nusu ya wakazi wake wanaishi katika nyumba za manispaa au zenye ruzuku.

Angalieni pia kipimo cha unafuu. England, tangu 2011, kodi inayoitwa nafuu inaweza kufika asilimia 80 ya kodi ya soko. Soko likiwa limepaa, asilimia 80 yake nayo imepaa. Kipimo cha haki hufungwa kwenye kipato cha kaya, kwa mfano isizidi theluthi moja.

La mwisho ni muda ambao nyumba itabaki ya bei nafuu. Sheria ya 1980 iliwapa wapangaji wa halmashauri za Uingereza haki ya kununua nyumba zao kwa punguzo kubwa. Familia nyingi zilinufaika, lakini nyumba zilizouzwa hazikujengwa upya kwa idadi ile ile, na nyingi sasa zinapangishwa na watu binafsi kwa kodi ya soko. Ndiyo maana sharti la bei liandikwe kwenye hati ya ardhi yenyewe, limbane kila mnunuzi atakayefuata.